"Due passi" si hatua mbili: jibu kwa msomaji anayekwenda Lecce

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni msichana wa Malindi, nina miaka 27. Mwezi wa tisa, Mungu akipenda, nakwenda Lecce, kusini mwa Italia, kumtunza mama mmoja wa miaka 83. Binti yake ameniambia kwa simu kwamba kila jioni 'alle sei' ni lazima nimtoe mama yake 'a fare due passi'. Nimetafuta kwenye kamusi nikapata 'kupiga hatua mbili'. Je, mama hawezi kutembea zaidi ya hatua mbili, au ni mazoezi aliyopewa na daktari? Na huko nje nitavaa nini, nitasema nini? Kiitaliano changu ni cha ufukweni tu."

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi umeuliza kabla ya kupanda ndege, kwa sababu hizo "due passi" ndizo zitakazoamua kama mama huyo atakupenda au atakuvumilia tu.

Tulimalize kwanza la saa. "Alle sei" ni saa kumi na mbili jioni kwa saa yetu. Waitaliano wanahesabu kuanzia usiku wa manane, na kwenye maandishi utaona 18. Usije ukasikia "sei" ukaandika sita, ukamtoa bibi wa watu mchana jua likiwa la utosi. Isitoshe, kusini mwa Italia saa zile baada ya chakula cha mchana zina jina lao, controra. Maduka yamefungwa, madirisha yameshushwa mapazia, watu wamelala au wamejinyoosha. Hakuna anayebisha hodi wala kupiga simu mpaka yapate saa kumi na nusu hivi. Mji unaamka upya jioni, na unaamka kwa ajili ya jambo unaloniuliza.

Jambo lenyewe linaitwa la passeggiata, matembezi ya jioni. "Fare due passi" ni namna ya kulitaja kwa upole, kama sisi tunavyosema twende tukapunge upepo, wala hakuna anayebeba pepeo la kujipepea. Utasikia pia "fare quattro passi", hatua nne, na maana ni ileile. Mbili au nne tu. Hatua tatu hazisemwi, ukisema utaeleweka lakini watajua umetoka mbali. Wengine husema "facciamo un giro", tuzunguke kidogo.

Kwa hiyo si agizo la daktari. Binti yake alichokuomba ni kikubwa kuliko mazoezi: umtoe mama yake nje saa ambayo mji wote uko nje, avae vizuri, apite pale anapopita siku zote, aonekane. Mzee asiyeonekana jioni tatu mfululizo huulizwa. Watu watampigia binti simu: mama mzima? Ndiyo maana nakuambia miguu ni sehemu ndogo ya habari hii. Mtatembea mita mia tatu kwa saa nzima, na hilo litakuwa matembezi mazuri sana.

Mimi nililijua hili kwa njia ya kuona haya. Nilifika Perugia kusoma Kiitaliano, na barabara kuu ya pale juu ni Corso Vannucci, inayotoka uwanja wenye chemchemi kubwa ya mawe ya karne ya 13 hadi kwenye bustani ya Carducci inayotazama bonde. Si ndefu, mtu mwenye haraka anaimaliza kwa dakika tano. Jioni moja niliikata kwa mwendo wetu wa kuwahi matatu, nikampita mwenye nyumba wangu aliyekuwa ameshikana mkono na mkewe, nikawapungia bila kusimama. Kesho yake mama yule akagonga mlango wangu, uso umemshuka: "È successo qualcosa?" Kuna kilichotokea? Nilikuwa nimekwenda kununua chumvi. Lakini kwake yeye, mtu anayepita Corso saa ile bila kusimama ana msiba au ana ugomvi. Tangu siku hiyo nilijifunza kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, barabara ileile, na kila mzunguko kusalimiana tena na niliowasalimia mzunguko uliopita, kwa tabasamu tu au kwa kuinua kidevu.

Desturi hii ina majina mengi, na yanafaa kuyajua kwa sababu kila jina linakuonyesha upande mmoja wake. Kusini utasikia struscio, kutokana na kitenzi cha kuburuta au kusugua. Wanapolieleza neno hilo huanzia Napoli, Alhamisi Kuu, siku ambayo magari ya farasi yalikatazwa kupita Via Toledo na watu wakajaa barabarani kwa miguu kwenda kanisa hadi kanisa. Umati ulikuwa mkubwa hata viatu vilikuwa vinaburuzwa, na magauni ya hariri ya kina mama yakitoa ule mchakacho wake. Siku hiyo moja ya mwaka ikaipa jina kila jioni ya mwaka. Vijana wa miji mingi husema "fare le vasche", kupiga madimbwi ya kuogelea, maana wanafanya kama mwogeleaji: akifika ukutani anageuka. Verona wana Liston, njia pana ya mawe ya kutembelea pembeni mwa uwanja wa Bra. Miji ya pwani ina lungomare, barabara ya kandokando ya bahari, kama ile ya Bari au ya Reggio Calabria ambako ng'ambo ya maji unaiona Sisili. Na hata Asmara, mji mkuu wa Eritrea, huku huku upande wetu wa Afrika, Wataliani walipoondoka neno passeggiata lilibaki, na jioni watu wa mji ule bado wanatoka kutembea wamevaa vizuri.

Sasa Lecce. Utaupenda mji huo saa ya magharibi, kwa sababu umejengwa kwa jiwe laini la rangi ya asali linaloitwa pietra leccese, na jua likishuka kuta zinaonekana kama zina taa ndani. Ukiwa na mama yako huyo huenda njia yenu itakuwa Via Vittorio Emanuele II, inayounganisha uwanja wa Duomo, yaani kanisa kuu, ambao una mlango mmoja tu wa kuingilia kama ua wa nyumba, na Piazza Sant'Oronzo, ambako katikati ya mji utaona sehemu iliyofukuliwa ya uwanja wa michezo wa Warumi. Lakini usimchagulie njia. Mwulize: "Da che parte andiamo stasera?" Leo tunashika upande gani? Yeye ana njia yake ya miaka sitini, ana duka ambalo lazima alipite na nyumba ambayo hataki kupita mbele yake, na si juu yako kujua kwa nini.

Mawe ya barabara za mji mkongwe yamelainishwa na miguu, na yakiloa yanateleza kama sabuni. Vaa viatu vya kisigino kifupi vyenye kushika, na hakikisha vyake pia. Mpe mkono: "Mi dia il braccio, signora." Kutembea mkono ndani ya mkono wanaita a braccetto, na wanawake hutembea hivyo na mama zao, dada zao na shoga zao. Kwa hiyo mama wa miaka 83 akikushika mkono watu hawataona mgonjwa na mhudumu; wataona wanawake wawili wanaotembea. Hilo kwake ni heshima kubwa, usilipoteze kwa kumshika kiwiko kwa nyuma kama anayesindikizwa kituoni. Penye ngazi: "Attenta al gradino." Akichoka hatasema, kwa hiyo sema wewe: "Ci sediamo un po'?" Tuketi kidogo? Kwa nini "sisi" na si "wewe"? Kwa sababu hapo ni nyote wawili mnaoketi, si yeye aliyeshindwa.

La mavazi halina mjadala. Ile kanga ya kukimbilia dukani, kandambili, suruali ya michezo, vyote vibaki nyumbani. Sikuambii uvae vya gharama. Vaa vya kupigwa pasi. Wao wana neno, fare bella figura, kujitokeza vizuri mbele za watu, na kinyume chake ni brutta figura, ambayo ni aibu isiyokushika wewe peke yako bali na aliye nawe. Fikiria jioni ya Idi, watoto wametolewa nje na nguo zao mpya, kila mama anajua wa kwake wanatazamwa. Mji wa Italia hufanya hivyo kila siku kwa kiasi chake. Ukivaa mtandio, vaa mtandio wako safi na usiogope. Na mama usimtoe kabla hajatazama kioo na kupaka rangi ya mdomo, hata kama ni ya kufika kona na kurudi. Mchukulie na sweta nyepesi mkononi, kwa kuwa upepo wa jioni wanauogopa kuliko malaria: "Prenda il golfino, signora, che fa fresco." Utakuwa umempendeza kwa sentensi moja.

Nije kwenye ulimi wako. Una mtaji mkubwa, mwanangu, usiudharau. Irabu zetu tano zinakutosha, na maneno yao mengi yanatia mkazo pale tunapotia sisi, silabi ya kabla ya mwisho: ge-LA-to, se-RA-ta, pas-seg-GIA-ta. Penye hatari ni konsonanti inayoandikwa mara mbili, ambayo sisi hatuna. Casa ni nyumba. Cassa ni pale unapolipia. Ikae hiyo s, ivute, isimame kidogo juu ya ulimi. Ukiuliza "Dov'è la casa?" ndani ya duka la aiskrimu watakuonea huruma kwamba umepotea.

Lakini tatizo kubwa la Kiitaliano cha ufukwe wa Malindi si matamshi. Ni "tu", ile "wewe" ya watu waliozoeana. Pale ufukweni kila mtu ni ciao, come stai, vieni, guarda, kwa sababu mgeni aliye likizo hataki ukubwa wala udogo. Ukifika Lecce ukamwambia mama wa miaka 83 "Ciao, come stai?" siku ya kwanza, ni kama umemwambia bibi yako "mambo vipi". Wanayo shikamoo yao, nayo imo ndani ya kitenzi: inaitwa Lei, "wewe" ya heshima. "Buonasera, signora, come sta?" Ona: stai imekuwa sta. "E Lei?" badala ya "e tu?" Jizoeze na hizo mpaka zitoke zenyewe. Ipo siku atakwambia "Dammi del tu", niite kwa "tu", lakini kauli hiyo hutoka kwa mkubwa, mdogo haombi. Wengine hawasemi kamwe na wanakupenda vilevile.

Buonasera huanza mapema, alasiri tu, na ndiyo salamu ya matembezi. Buonanotte si ya kusalimia wala ya kuagana barabarani saa moja usiku. Ni ya anayekwenda kulala. Mkiagana semeni "Buona serata", au "A domani", kwa sababu kesho mtaonana tu. Mtu ambaye hamjaonana muda mrefu atapokewa kwa "Chi si vede!", tazama nani huyu! Kuhusu mtoto kwenye kigari kuna sentensi moja inayotosha miaka yote, "Quanto è cresciuto!", amekua jamani! Mkitaka kupenya penye msongamano ni "Permesso", na ukimpisha mtu ni "Prego".

Wakikutambulisha, nyosha mkono, sema jina lako na "Piacere". Kisha jiandae kwa swali. Kusini, mzee akikutana na kijana asiyemjua huuliza "A chi appartieni?", wewe ni wa nani? Si tusi. Ni lile swali letu la "mtoto wa nani wewe?", linalotaka kukutia mahali pako kwenye ukoo na mtaa. Wewe huna ukoo pale, kwa hiyo watauliza "Di dove sei?" Jibu "Sono del Kenya, di Malindi." Taja Malindi, usiishie Kenya. Waitaliano wengi wana ndugu, jirani au bosi aliyewahi kwenda huko, na mara nyingi jina la mji wako litafungua mazungumzo ambayo Kiitaliano chako kisingeweza kuyafungua.

Sitakuficha lingine. Utatazamwa. Katika matembezi kila mtu anatazama kila mtu, ndiyo kazi ya saa ile, na jicho hilo halina ubaya. Lakini wapo watakaozungumza na mama juu ya kichwa chako kana kwamba hupo, wakimwuliza "È brava?", huyu msichana anafanya kazi vizuri?, na wapo watakaokuita "tu" papo hapo huku wewe unawaita "Lei". Mimi nilikuwa najibu kwa Lei yangu kamili, taratibu, nikimtazama mtu usoni: "Sto bene, grazie. E Lei, come sta?" Wenye adabu hugundua na kujirekebisha. Asiyegundua mwache apite. Usilie njiani, na usimfiche binti wa mama kama jambo limezidi. Ila nimeona pia kinachofuata baada ya miezi miwili mitatu: muuza magazeti anakuita kwa jina, mama wa duka la dawa anakuuliza habari za wazazi wako, na kabla hujajua umekuwa mtu wa mtaa. Sijui mlango mwingine wa kuingilia mji wa Italia unaofanya kazi haraka kama huu.

Mama atasimama mbele ya ukuta wenye karatasi zilizobandikwa, zenye majina na msalaba. Ni matangazo ya vifo. Atayasoma yote, polepole. Usimvute. Uliza kwa sauti ya chini, "Lo conosceva?", ulimfahamu? Kama ni mwanamke, "La conosceva?" Mkikutana na wafiwa, neno ni "Condoglianze", na linatosha.

Halafu kuna kula. Kwenye mabaa na maduka ya aiskrimu mengi mnalipa kwanza kwenye cassa, unapewa risiti, scontrino, unaipeleka kaunta. "Un cono piccolo, nocciola e limone" ni koni ndogo ya ladha mbili. Kama meno ya mama hayataki koni, sema "una coppetta", kibakuli. Kahawa ya kusimama kaunta ni nafuu kuliko ya mezani, na cappuccino usiagize jioni. Mzee asiyetaka kukosa usingizi huomba "un caffè d'orzo", ya shayiri. Lecce siku za joto wana kahawa juu ya barafu yenye maziwa ya lozi. Ionje kwa fedha yako mwenyewe siku ya kwanza ya mshahara, nakusihi. Mtu wa tatu akijiunga nanyi na kusema "Offro io", yeye ndiye analipa. Kataa mara moja kwa adabu, kisha kubali, kama kwetu.

Maneno mawili ya kuchunga. "Andare a spasso" ni kutembea, lakini "essere a spasso" ni kukosa kazi, na "l'hanno mandato a spasso" maana yake wamemfukuza. Binti akipiga simu kuuliza mko wapi, usiseme "sono a spasso". Sema "Siamo fuori, facciamo due passi." Na ukisikia mtu anasema mtihani wake "è stata una passeggiata", hakutembea popote, ulikuwa rahisi.

Msimu ukibadilika, saa nayo itahama. Desemba giza linaingia saa kumi na moja hivi jioni, mtatoka mapema na kurudi mapema. Julai na Agosti msithubutu kabla jua halijazama. Watu hutoka baada ya chakula cha usiku, na watoto wadogo utawaona uwanjani saa tano usiku. Tarehe 24 hadi 26 Agosti ni sikukuu ya Sant'Oronzo, mtakatifu wa mji, na huko kutembea kunageuka kusogea tu. Mwulize binti kama mama anastahimili umati.

Na matembezi yako wewe? Kutembea na mama ni kazi, hata kama ni tamu. Mkataba wa kitaifa wa wafanyakazi wa nyumbani unampa anayeishi kwa mwajiri saa 36 za mapumziko kwa wiki: Jumapili nzima, na nusu siku nyingine ambayo kwa mazoea ni Alhamisi mchana. Alhamisi hiyo nenda kwenye bustani za mji, utawakuta wanawake wa kila nchi wanaofanya kazi kama yako, nao wanafanya passeggiata yao. Vaa vizuri siku hiyo pia.

Mwulize mama swali moja wiki ya pili, mtakapokuwa mmezoeana: "Signora, da ragazza, dove andava a passeggiare?" Ulipokuwa msichana, ulikuwa unatembea wapi? Wasichana wa umri wake katika miji ya kusini hawakutoka peke yao. Walitembea na mama au shangazi, wavulana wakija kwa upande wa pili, na mazungumzo yote yalikuwa ya macho. Kijana akionekana anatembea ubavuni mwa binti, wazazi nyuma yao hatua chache, mji ulijua kwamba wamechumbiana, hakuna tangazo lililohitajika. Huenda ile nyumba asiyotaka kupita mbele yake itatajwa hapo. Sikiliza, hata usipoelewa yote.

Kutakuwa na jioni za mvua, au za magoti kukataa. Usimwache mbele ya televisheni saa kumi na mbili. Mvalishe vilevile, rangi ya mdomo na sweta yake, sogeza kiti kwenye roshani au dirishani, na umwambie "Ci affacciamo?" Affacciarsi ni kutoa uso nje dirishani ili uone na uonekane. Watapita chini na miavuli yao, watainua vichwa: "Buonasera, signora!" Mwache ajibu yeye kwanza. Wakikusalimia na wewe kwa jina lako, jibu.